Kodi Isiyoandikwa Katika Mkataba

Mwenye nyumba wetu wa Magomeni alikuwa mtu mwungwana. Hata habari mbaya alijua kuileta kwa adabu. Alikuja jioni moja, akaketi barazani, akawajulia hali watoto, akanywa kahawa. Kisha akasema kuwa kijana wake anataka kuoa, na kwa hiyo angevihitaji vile vyumba vyetu viwili. Alitupa miezi mitatu. Hatukuwa na neno la kumlaumu. Nyumba ilikuwa yake, nasi tulikuwa tumeishi humo miaka saba kama jamaa.

Ilikuwa nyumba ya Kiswahili, ya namna ambayo mkazi wa Dar es Salaam anaijua bila ya kuelezwa: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma uani penye jiko, bafu na choo cha watu wote. Nyumba kama hiyo haina siri. Ukikaanga samaki, korido nzima inajua. Ukigombana na mwenzio usiku, asubuhi unasuluhishwa kabla hujapiga mswaki. Nami, nasema kweli, nilikuwa nimechoka. Nilikuwa mwandishi wa habari mwenye stashahada na watoto watatu, na bado nilikuwa nikingoja zamu ya kuoga, ndoo mkononi. Kwa hiyo, wakati mama watoto alipoipokea ile notisi kwa majonzi, mimi moyoni nilifurahi. Nilijiambia kuwa sasa tutatafuta nyumba ya watu wenye heshima zao.

Tukaanza kuzunguka na dalali. Kazi ya dalali inajulikana: ukilipata pango, yeye huchukua kodi ya mwezi mmoja, na kabla ya hapo hudai fedha ya kukuonyesha, upende usipende. Wa kwetu alikuwa na ulimi mtamu. Kwake yeye hapakuwa na nyumba iliyo mbali. Zote zilikuwa "hapo tu".

Alitupeleka kwanza Kigogo, upande wa bondeni, karibu na Mto Msimbazi. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi mpya na kodi yake ilikuwa ndogo ajabu. Nilikuwa tayari kutoa mfuko wangu. Mama watoto hakutazama rangi. Alitoka nje, akaenda kuutazama ukuta wa jirani ambao haukupakwa kitu, akaniita. Palikuwa na mstari wa matope uliokauka, uliokwenda sawasawa kutoka pembe hadi pembe, kimo cha kifua changu. Tukakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, ambayo yaliua watu na kuwaacha maelfu bila makazi katika bonde lile, hata Serikali ikawagawia viwanja waathirika huko Mabwepande. Dalali alisema kuwa maji yale yalikuwa ya bahati mbaya. Mama watoto akamjibu kuwa bahati mbaya haiachi alama iliyonyooka namna ile.

Tulikwenda pia Sinza, mtaa uliopimiwa viwanja katika miaka ya 1970, wenye njia zilizonyooka na maduka ya kila namna. Mchana nyumba ile ilikuwa kimya kama msikiti. Mwenzangu akashauri turudi Jumamosi usiku. Tuliporudi, muziki wa baa ya jirani ulikuwa ukitikisa vioo vya dirisha la chumba ambamo watoto wangelala. Hatukuingia hata ndani.

Ndipo mama watoto akaniletea habari ya Ilala. Rafiki yake alikuwa amesikia juu ya vyumba viwili na sebule, hatua chache kutoka sokoni, kodi shilingi 220,000 kwa mwezi, katika nyumba ya korido yenye wapangaji wengine watatu. Shule ilikuwa karibu, na kazini kwangu ningeweza hata kwenda kwa miguu siku ya mvua kubwa. Nilikataa bila ya kwenda kuiona. Nilisema, "Tutoke uani turudi uani?" Hakunijibu. Mkataa pema pabaya panamwita.

Pabaya pangu paliniita kwa sauti nzuri sana. Dalali alinipeleka Kibamba, kando ya Barabara ya Morogoro, zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya jiji. Palikuwa na nyumba nzima inayojitegemea: vyumba vitatu, choo ndani, ukuta, lango la chuma na mwembe mmoja. Kodi ilikuwa shilingi 200,000. Nikapiga hesabu papo hapo, nikaona napata nyumba nzima kwa bei ndogo kuliko vyumba vya Ilala. Nikalipa miezi sita mbele, na ya dalali juu yake. Nilipowaeleza wenzangu kazini kuwa nimehamia kwenye nyumba yenye lango, sauti yangu ilikuwa imebadilika kidogo.

Mkataba ulikuwa wa ukurasa mmoja, nao ulitaja kodi moja tu. Kodi nyingine nilianza kuilipa Jumatatu ya kwanza.

Kutoka langoni hadi barabara kuu ilinibidi nipande bodaboda. Kutoka hapo daladala hadi Kimara, na kutoka Kimara mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016, hadi mjini. Na jioni vivyo hivyo. Nauli yangu peke yangu ilifika shilingi 5,000 kwa siku, yaani 130,000 kwa siku 26 za kazi. Maji ya bomba yalikuwa hayajafika katika njia yetu. Tulinunua madumu sita kila siku, na mwisho wa mwezi yalikula shilingi 45,000. Jumlisha, ndugu msomaji: nyumba yangu ya 200,000 ilikuwa ya 375,000.

Fedha ingekuwa ndiyo hasara pekee, nisingeandika haya. Nilikuwa nikitoka saa kumi na moja alfajiri watoto wamelala, na kurudi saa tatu usiku watoto wamelala. Baada ya miezi miwili, mdogo wetu, aliyekuwa na umri wa miaka mitatu, alikuwa akinionea haya siku za mapumziko, na kujificha nyuma ya khanga ya mama yake kama anavyowafanyia wageni.

Kisha ukaja usiku mmoja wa Jumamosi. Gazeti linalosomwa Jumapili hutengenezwa Jumamosi, na usiku huo nilikuwa kazini. Karibu na saa nne mama watoto akanipigia simu. Mdogo alikuwa na homa kali, anaweweseka, amekataa hata maji. Nikamwambia, kama mtu yeyote aliyeishi Magomeni ambavyo angesema, "Gonga kwa jirani!"

Akaniuliza, "Jirani yupi?"

Sikuwa na jibu. Kulia kwetu palikuwa na ukuta na lango, kushoto ukuta na lango, na katika miezi minne sikuwa nimejua jina la mtu hata mmoja aliyeishi nyuma ya malango hayo. Uani kwetu Magomeni, mtoto akikohoa mara mbili, bibi wa chumba cha mbele alikuwa ameshasimama mlangoni na kandili. Nilikuwa nimelipa ili nisisikilizwe, na sasa hakuna aliyesikia. Mama watoto aligonga malango mawili, yasifunguliwe. Nani humfungulia mtu asiyemjua usiku? Aliyemwokoa ni mama mmoja aliyeuza vitumbua barabarani, ambaye yeye alikuwa akisimama kuzungumza naye kila asubuhi. Alimwamsha kijana wake mwenye bodaboda, wakampeleka mtoto kwenye kituo cha afya. Ilikuwa malaria. Nilifika saa nane usiku, nikamkuta amelala na sindano ya maji mkononi, na yule mama wa vitumbua ameketi pembeni amembebea mama watoto mkoba.

Alipona. Miezi sita ilipokwisha, tulihama. Vile vyumba vya Ilala vilikuwa vimekwisha kuchukuliwa, lakini mtaa wa pili yake tulipata vingine, kwa shilingi 20,000 zaidi. Hiyo ndiyo faini ya kiburi changu, nami naiona ndogo.

Sisemi kwamba Kibamba ni pabaya. Aliyejenga huko, anayefanya kazi huko, aliyekaa hata akajuana na watu, ana haki ya kupasifu. Tena watoto wake wana hewa na mahali pa kucheza. Nasema kwamba mimi niliichagua nyumba kwa ajili ya macho ya wenzangu wa kazini, ambao hata siku moja hawakuja kunitembelea.

Kwa hiyo, wewe unayehama mwezi ujao, kabla ya kuhesabu fedha mbele ya dalali, safiri kwanza kutoka nyumba hiyo hadi kazini kwako saa ile ile utakayokuwa ukisafiri. Rudi mtaani usiku. Tazama ukuta wa jirani ambao haukupakwa rangi. Uliza maji yanatoka siku gani. Mkataba uandikwe, ushuhudiwe katika ofisi ya serikali ya mtaa. Na kabla ya yote hayo, piga hodi nyumba ya pili, usalimie, ungoje uone unajibiwaje. Nenda na mwenzio. Na yeye akinyamaza, usidhani kuwa amekubali.

Leo nimerudi kwenye foleni ya bafu. Jana asubuhi mpangaji wa chumba cha mwisho alichelewa kutoka, nami nikaanza kunung'unika. Mdogo wetu akaja mbio kutoka koridoni, akanishika mguu, akaniuliza nitarudi saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na mbili, naye akanisadiki.