Nilishukia Tongoni

Safari yangu ilikuwa ya Pangani. Mjomba alinitafutia kazi ya kuuza duka, akasisitiza nifike kabla ya adhuhuri. Ila konda alipotaja Tongoni, nikajikuta nimeshasimama na mkoba wangu wa madaftari. "Shusha!" Ni kilomita kama 17 tu toka Tanga mjini, na miaka yote nilikuwa napita pale nikiangalia dirishani. Sisi vijana wa kalamu bwana! Tunaota riwaya za London, Tongoni hatuijui.

Tongo, msomaji wangu, ni mahali palipohamwa. Lakini watu wapo. Nyavu zimeanikwa, mama mmoja yuko juu ya mbuzi anakuna nazi, kuku wanamzunguka. Magofu yako kando, kuelekea baharini: msikiti usio na paa na makaburi kama 40, ya karne ya 14 na ya 15. Mengine yalijengewa nguzo ndefu, na nyingi zimeshaanguka. Kimya chake kinakufanya ukanyage polepole. Katika kuta utaona vishimo vya duara. Humo zilipachikwa bakuli za kauri zilizotoka ng'ambo. Zimeng'olewa. Nilitia kidole katika kimoja, nikagusa chokaa ya baridi.

Karne ya 18 walihamia watu kutoka Kilwa, wakapaita Sitahabu, yaani afadhali hapa kuliko kule. Hilo jina nimelinakili mara tatu.

"Shikamoo babu," nilimwamkia mzee aliyekaa kivulini.

"Marahaba, mjukuu wangu. Unaandika nini?"

"Hadithi."

"Ya hao waliolala, au ya sisi?"

Nikacheka tu. Ungejibu nini?

Nilikwenda kukaa ufukweni. Katika maji ya upande huu, mwaka 1498, jahazi la Wareno liitwalo São Rafael lilipanda mwamba, likajinasua. Januari 1499 Vasco da Gama alipokuwa anarudi kutoka Bara Hindi, alilichoma moto hukuhuku. Mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye, waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vyote.

Basi nami nikafungua mkoba. Riwaya mbili: moja ya jambazi wa Dar, kurasa 140, ambayo kila mtu mtaani anaisifu, nyingine ya bibi yangu mzaa mama, kurasa 12, ambayo hajaisoma mtu. Na mabaharia wangu mimi ni saa mbili za usiku, dukani kukishafungwa. Nilikaa pale mpaka maji yakaanza kujaa. Kuchoma sikuchoma, jamani, karatasi ni ghali! Ila jambazi nilimfunga kamba, nikamweka chini kabisa.

Pangani nilifika saa kumi. Mjomba alifoka kweli, ila kazi ilikuwepo. Sasa nauza sukari na mafuta ya taa, na bibi amefika ukurasa wa 31.