Teso: machungwa yaliyokuja baada ya ng'ombe



Kutoka Mbale kwenda Soroti, hapa Uganda, ni kilometa kama 100. Barabara inapita Kumi, penye mawe makubwa yaliyosimama peke yake kwenye uwanda, halafu inavuka kinamasi cha Awoja. Msimu ukifika, pembeni ya njia ni magunia ya machungwa tu, na mengine yamepangwa mafungu mafungu kungoja magari.

Zamani Teso ilikuwa nchi ya ng'ombe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mifugo iliibwa karibu yote. Tena mwaka 2003 waasi wa LRA wakaingia, watu wakakimbilia kambini. Kwa hiyo neno "kambi" watu wa kule wanalijua, hakuna haja ya kuwaelezea. Waliporudi kwao, wengi walipanda michungwa, na mwaka 2019 kiwanda cha matunda kikafunguliwa Soroti.

Mchungwa wa Teso ni miti miwili katika mmoja. Chini ni mlimau wenye mizizi ya nguvu. Juu yake wamebandika kijiti cha chungwa tamu: Hamlin, Valencia, ao Washington Navel, lile chungwa la kitovu. Wengine wanaita kazi hiyo kubebesha. Mti wa mbegu unaweza kukungojesha miaka 7 na zaidi, lakini wa kubebesha unaanza kuzaa mwaka wa 3 ao wa 4. Kwa mtu asiyejua kesho atalala wapi, hiyo si tofauti ndogo.

Sasa, wadudu nao wanachagua. Vidukari, kile kidudu kinachochora njia nyeupe ndani ya jani, na kile kinachoacha vinundu juu ya jani, wote wanataka majani machanga. Huyu wa vinundu anapenda nchi za baridi, na ndiye anabeba ugonjwa unaofanya majani kuwa ya njano na matunda kubaki madogo na machungu. Chakula anachokipenda sana ni mlimau. Kumbe machipukizi yakiota chini ya kovu la kubebesha, hayo ni mlimau, si chungwa! Ukiyaacha, unafuga adui mlangoni, tena yanaiba nguvu ya mti. Yang'oe kwa mkono yakiwa bado laini.

Mti wa chini unaweza pia kuokoa shamba zima. Huko Brazil, miaka ya 1930 na 1940, mamilioni ya michungwa iliyobebeshwa juu ya mdanzi ilikauka kwa ugonjwa unaoletwa na vidukari. Waliuita tristeza, maana yake huzuni. Chungwa tamu juu ya mlimau huo linavumilia ugonjwa huo.

Kwenye matunda, aina ya juu ndiyo inaamua. Kiwavi wa nondo anaingia sana kwenye chungwa la kitovu kuliko Valencia. Hamlin inaiva mapema, Valencia inachelewa. Ukizipanda pamoja, watoto wanakula muda mrefu, si ndiyo? Lakini inzi wa matunda naye anakula muda mrefu, anahama tu kutoka mti huu kwenda ule. Dawa yake haina bei: okota kila tunda lililoanguka, ulizike kwenye shimo la nusu meta, ao ulifunge ndani ya mfuko mweusi wa plastiki uuanike juani. Tunda linalooza chini ya mti ni nyumba ya funza, na funza hao ndio inzi wa kesho.

Ukienda kununua mche, uliza mambo mawili: chini ni mti gani, na kijiti kilitoka mti gani. Geuza majani uyaangalie pande zote. Mche wenye vinundu uache hapo hapo, hata wakikupa bure.

Wengine watasema, kwa nini nipande mti kwenye kiwanja kisicho changu? Jibu liko kule Teso. Walipanda wakiwa wametoka kambini mikono mitupu, na hakuna aliyewahakikishia amani. Tukirudi kwetu mapema, jirani atakula. Tukichelewa, watoto wetu watakula.