Bunduki ya Kwanza ya Shemeji
Nilipokuwa nikiishi Marekani, nilifuatana na shemeji yangu dukani. Alitaka bunduki ya kulengea shabaha, ijikokiyo yenyewe kila ipigwapo, na fedha zake zilikuwa haba. Alichagua Ruger 10/22, iliyoanza kuuzwa mwaka 1964. Hutumia risasi ndogo za .22, nazo ni rahisi (yaani si ghali) kuliko za bunduki kubwa. Na kwa mwanafunzi wa shabaha, risasi ndizo zimalizazo mfuko. Alijaza fomu ya serikali, kisha akaishika darubini.

“Shemeji,” nikamwuliza, “sanduku la chuma la kuifungia utalinunua kwa fedha gani? Mwanao ana miaka sita.”

Alinyamaza kitambo. Akairudisha darubini mezani.