Tumbo Joto

Tumbo huanza Hedaru. Basi likitoka Dar likafika pale, Milima ya Upare ikasimama mkono wa kulia, nami naanza kutafuta choo. Nikishuka Same, na jua lile, moyo unadunda kama nimepanda Shengena kwa mguu.

Kwa miezi minne niliamini nina vidonda vya tumbo. Kwetu kila tumbo linalouma ni vidonda. Nilipimwa, bakteria wake hawakuonekana. Daktari akaniuliza, "Una mawazo?" Nikasema sina.

Nilikuwa nayo. Pendekezo langu la utafiti wa shahada ya uzamili lilikuwa limekataliwa mara mbili, na mama alijua nakaribia kumaliza. Wapare tunasingiziwa ubahili. Mama yangu aliuza tangawizi gunia kwa gunia, Mamba Miamba, akalipa ada bila kunikumbusha hata siku moja. Afadhali angenikumbusha.

Baadaye nilisoma kwamba utumbo una mtandao wake wa neva, seli zaidi ya milioni 100. Neva ya vagasi inauunganisha na ubongo, ikipita kifuani na kugusa moyo, na nyuzi zake nyingi hupeleka habari juu, siyo chini. Hofu ikiingia, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini: moyo unakwenda mbio, damu inaliacha tumbo na kukimbilia misuli, chakula kinalala hapo juu huku utumbo mpana ukiharakisha kutoa. Ni mpango mzuri ukikimbizwa na chui. Mimi nilikuwa nakimbia simu ya mama, kila Jumapili, miezi minne. Waliosema "tumbo joto" hawakuhitaji darubini.

Safari hii nilipanda gari la mwisho la kwenda Mamba. Mama alikuwa amepika makande.

"Mbona huli, mwanangu?"

Nikamwambia yote, nikiangalia sahani. Alinyamaza muda mrefu. Jikoni maji ya tangawizi yalichemka, akaenda kuyaipua, akarudi na kikombe kimoja, changu.

"Kumbe ndiyo maana ulikuwa hupokei simu," akasema. Kisha, "Ada ya muhula ujao mwisho lini?"

Moyo ukaanza tena mbio zake. Lakini makande niliyamaliza, na usiku ule niliamka kwenda chooni mara moja tu.