Juni Nyuma ya Jiko

Abiria wengi wanaijua Segera kwa njia panda yake. Basi likitoka Chalinze likafika hapa, mkono wa kulia ni Hale, Muheza na Tanga mjini. Mkono wa kushoto ni Korogwe, Same, Moshi na Arusha. Kinachoonekana dirishani ni neti za machungwa, ndoo za nyanya na vijana wanaokimbizana na basi kabla halijasimama. Bustani zenyewe hazionekani. Ziko nyuma ya nyumba, upande wa jiko, na upande wa jiko tangu zamani ulikuwa wa wanawake. Nimeuona upande huo ukibadilika tangu nikiwa mtoto wa kutumwa maji. Mabadiliko yenyewe huonekana vizuri zaidi mwezi wa Juni, masika ikishakatika, kusi likivuma, na vimvua vya mchoo vikija kwa kudokoa.

Wazazi wangu walihamia kando ya barabara wakati wa Operesheni Vijiji, ile ya 1973 hadi 1976. Baba alikuwa mkata mkonge katika shamba moja upande wa Korogwe. Mama alikuwa na jembe. Nyuma ya jiko alipata kieneo kisichopimwa na mtu, akakitia samadi ya mbuzi na makapi ya mkonge yaliyooza ambayo baba aliyabeba kwenye gunia kutoka korona, kiwanda cha kuchakata mkonge, yakinuka mpaka majirani wakalalamika. Juni ya siku zile haikuwa na matuta wala mistari. Maboga yalitambaa yalikotaka, kunde zilipanda juu ya mabua ya mahindi, matembele yalifunika njia ya chooni. Nusu ya tulichokula hakikupandwa na mtu: mnavu ulijiotea, mlenda ulijiotea, na mchunga ndio kabisa, ulikuwa unachumwa ukingoni mwa shamba kama vile Mungu ameukopesha. Mchunga kwa bada, ugali wa muhogo, na tui la nazi ni chakula ambacho mtu wa wilaya yetu ya Handeni aliyeko Dar es Salaam akikitaja hunyamaza kidogo. Uchungu wake watoto tuliuchukia, na sasa nautafuta sokoni kwa bei.

Kufikia Julai bustani ile ilikuwa imekwisha. Maji ndiyo yaliyoimaliza. Handeni ni wilaya ya kiu, na ingawa Mto Pangani uko karibu na sisi, na maji yake yalisukumwa kwenda Handeni kwa mradi wa bomba kuu uitwao HTM, bomba linapopita si lazima ndipo linapofunguka. Ndoo ya maji ilikuwa ya kunywa, kupikia na kunawa uso, kwa mpangilio huo. Hakuna aliyefikiria kumwagilia mchicha. Mama alichuma mbegu zilizokomaa, akazichanganya na majivu, akazitia kwenye kibuyu na kukiweka uchagani juu ya moto, tukasubiri vuli.

Miti ilikuwa habari nyingine. Hili linafaa kuelezwa kwa wasomaji wa mbali, maana bila hilo hadithi haishiki. Huku kwetu, kama ilivyo sehemu nyingi za pwani, mgeni aliweza kupewa mahali pa kulima mahindi na muhogo bila maneno mengi. Lakini akionekana na mche wa mnazi au mchungwa mkononi, wazee walimwita. Mahindi huvunwa na mwenyewe akaondoka. Mti hubaki, na aliyeupanda hubaki nao, yeye na watoto wake. Kwa sheria hiyo isiyoandikwa, mke naye alikuwa mgeni. Alilima, alipalilia, alilisha nyumba nzima, ila kupanda mti wa kudumu halikuwa jambo lake. Mdanzi mmoja wenye miiba uliokuwa karibu na kisima ulipandwa na babu, na mama kwa miaka yote alisema "mdanzi wa baba mkwe" hata pale ambapo yeye ndiye aliyekuwa anazoa majani yake.

Kilichovuruga mpango huo ni mkonge. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na Tanga ndiyo iliyokuwa roho yake. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka duniani, mashamba yakataifishwa mwaka 1967, mengine yakageuka vichaka, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kama tani 20,000. Wanaume kama baba walirudi nyumbani wakiwa na panga, kikohozi, na ujuzi ambao hakuna aliyeuhitaji. Wengi waliangalia upande wa Muheza, ambako watu walikuwa wameshajua kwamba chungwa linalipa, wakaenda kujifunza kubebesha.

Baba alijifunza akiwa mtu mzima, na alikuwa na mkono mwepesi. Mche wa limau ukifikia unene wa penseli aliufuta vumbi kwa kitambaa, akauchanja ganda kwa kisu kilichonolewa mpaka kinanyoa ndevu, mstari mmoja wa kushuka na mwingine wa kukingama juu yake. Kwenye kijiti cha mchungwa mzuri alikata jicho moja na kipande chembamba cha ganda, akaliteremsha ndani ya mchanjo ule taratibu, kisha akanyoosha mkono bila kuangalia. Mama alikuwa hapo na utepe wa nailoni. Yeye ndiye aliyefunga. Juni ilikuwa na raha yake kwa kazi hiyo, kwani mti ulikuwa bado umejaa maji ya masika na ganda lilibanduka bila kuchanika. Baada ya wiki tatu hivi utepe ulifunguliwa. Jicho la kijani limeshika. Jicho jeusi limekufa, na baba alikuwa anasema nailoni ilikazwa mno.

Mfungaji wa utepe akikaa karibu na kisu kwa muda wa kutosha, naye hujua kisu. Siku moja baba aliporudi kutoka Korogwe alikuta michungwa michache ya kubebesha imesimama katikati ya mboga za mama, kila mmoja na kigingi chake. Aliuliza nini hii. Mama akamjibu kwamba mchicha unahitaji kivuli. Baba hakuwa mjinga, lakini alikuwa na njaa, na ugali ulikuwa mezani. Mti wa kubebesha huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, ilhali wa mbegu unaweza kukuchosha miaka saba na zaidi. Kabla wazee hawajapata nafasi ya kulijadili suala la kivuli cha mchicha, machungwa yalikuwa yameanza kuanguka.

Wakati huo huo barabara ilikuwa imenona. Mabasi yaliongezeka, yakawa yanapita kwa saa zinazojulikana, na abiria mwenye njaa ana kasoro moja nzuri: hana muda wa kubishana bei. Wanawake ndio waliotangulia kusogeza mabeseni yao kandokando ya lami. Nyanya zilikuwa zile ndogo za kienyeji zinazopasuka zikiguswa. Zikaja Tanya na Tengeru 97, mbegu zilizotoka kituo cha utafiti cha Tengeru huko Arusha, zenye ganda gumu linalovumilia safari, na hapo ndipo Juni ilipopata sura ninayoijua sasa. Mbegu husiwa kitaluni Aprili, miche hupandikizwa Mei, na kufikia katikati ya Juni vishada vya kwanza vimefunga na kazi ni kuegemeza, kupogoa na kuweka matandazo ya nyasi ili ardhi isikauke. Pembeni nyanya chungu, bamia, pilipili. Mbolea ya dukani, dawa ya dukani, maji ya kununua kwa dumu. Bustani iliyokuwa inaaga Juni sasa ndiyo kwanza inaanza kula hela.

Na hela zilipoingia, kaka yangu naye aliingia. Sisemi kwa ubaya. Hakuna kaka asiyeijua njia ya kwenda kwenye hela. Lakini sikuwahi kumwona akiinamia mchicha miaka ile ya mlenda, na ghafla alikuwa anajua nafasi kati ya mche na mche. Wifi yangu alibaki kuchota maji na kuchuma. Bei ilipangwa na kaka, kwa simu, na dalali aliyekuwa upande wa pili wa simu hakuwa anajua kama kuna mwanamke katika shamba hilo.

Wadudu wakaukamilisha mchezo. Nzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa Kenya mwaka 2003 na mwaka huo huo akaonekana Tanzania; maembe yakapata funza, machungwa yakaanza kudondoka yakiwa na tundu dogo. Mwaka 2014 akaja kantangaze, mzaliwa wa Amerika Kusini aliyekuwa ameshaitesa Hispania tangu 2006. Chukua jani la nyanya lililoshambuliwa, liinue usawa wa jua. Utaona doa jeupe linalopitisha mwanga, maana nyama ya jani imeliwa na ngozi mbili zimebaki kama nailoni. Ndani yake kuna kiwavi mdogo wa kijani, na nyuma yake mstari wa kinyesi cheusi. Yuko ndani ya jani, unayempulizia humfikii. Watu walipuliza hata hivyo, kila baada ya siku chache, wakibadilisha chupa. Bomba la mgongoni ni mzigo wa mwanamume, na nimeona kwa macho yangu kwamba anayeshika bomba ndiye anayeonekana mwenye bustani.

Mama alikataza bomba lisisogee kwenye mchicha wake. Machungwa yaliyoanguka aliyafukia kwenye shimo kila asubuhi ili funza wasigeuke nzi, na maji moto, wale chungu wa mitini wenye kushona majani, hakuruhusu mtu awachome moto. Wachumaji waliwalaani kwa kuumwa. Yeye alisema wanalinda bure na hawadai posho.

Nikiwa hapa kwenye machungwa, niseme jambo moja kwa abiria wanaotukaripia kwamba tunawauzia mabichi. Chungwa la Tanga huiva likiwa kijani. Rangi ya njano huletwa na usiku wa baridi, na sisi usiku wetu ni wa joto. Angalia ganda limelainika na kung'aa, pima uzito mkononi. Ukitaka chungwa la rangi, nenda milimani.

Baba alipofariki kikao cha ukoo kilikaa. Mimi nilikuwa nimejiandaa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, inayosema wazi kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Nilikuwa na nakala ndani ya mkoba. Haikutoka mkobani. Mzee mmoja, mkubwa kuliko wote, aliuliza swali moja tu: michungwa ya nyuma ya jiko ilipandwa na nani? Kila mtu alijua. Akasema basi, mti hauna maneno, twendeni kwenye suala la mbuzi. Sheria niliitumia baadaye, tulipoomba hati ya kimila ili jina la mama liandikwe, kwani mzee yule hatakuwepo siku zote na kumbukumbu za wajukuu ni fupi.

Juni hii nyanya ziko kwenye kishada cha pili, na michungwa imejaa. Kijana wa dalali alikuja na daftari, lori lao linapeleka Kenya kupitia Horohoro, na alitaka kununua mzigo ukiwa mtini.

"Shikamoo bibi. Nimeshaongea na mjomba pale barabarani, tumeelewana."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mmeelewana kuhusu nini?"

"Haya machungwa."

"Ya kwake yako wapi?"

Kijana aligeuka kumtazama kaka, kaka akatazama simu. Bei ilianza upya, na ilikuwa nzuri kuliko ya barabarani.

Jioni yake kaka alileta hoja nyingine, na hoja yenyewe si ya kipuuzi: michungwa imekuwa mikubwa, inazitia nyanya kivuli, na chini ya kivuli majani hayakauki umande na ukungu unaingia. Alitaka mitatu ikatwe. Mama alikuwa anachambua mchunga. Akamwambia akate ya kwake. Kaka hana mchungwa hata mmoja upande ule. Wiki iliyofuata alikuja na miche ya papai kwenye viriba, akaiweka chini kando ya jiko, akauliza aipande wapi. Mama akamwonyesha kule kwenye mpaka wa jirani, mbali na bomba.