Nilidhani Uzazi ni Habari ya Wanawake Tu

Kazi yangu ni ukarani katika ofisi moja ya serikali hapa Lodwar. Kila siku hupokea barua, huziandika daftarini, huzitia namba na kuziweka katika majalada yake. Mtu akiniuliza ilipo barua ya mwaka uliopita, humpa kabla hajaketi vizuri. Lakini siku moja muuguzi aliniuliza swali jepesi mbele ya watu, nami nikakosa jibu. Aibu ya siku ile ndiyo inayonifanya niandike habari hii, kwa maana naamini wako wanaume wengi walio kama nilivyokuwa mimi.

Nilizaliwa upande wa Kakuma, kiasi cha kilomita 120 kutoka Lodwar, miaka michache kabla ya mwaka 1992 ambapo kambi ya wakimbizi ilifunguliwa huko. Mama yangu alinizaa amepiga magoti ndani ya akai, yaani nyumba ya mke katika boma la Kiturkana, mwanamke mmoja akimshika kwa nyuma na mwingine akiwa mbele kunipokea. Mimi nilisomeshwa na wamisheni hata nikamaliza sekondari, na pamoja na mema mengi niliyoyapata huko, nilijifunza pia kuyadharau mambo ya mama yangu na kuyaita ya kale.

Mke wangu alipokuwa na mimba ya kwanza, nilimpeleka katika hospitali moja ambayo sitaitaja, nikadhani kwamba wajibu wangu umekwisha. Mama, aliyefuatana naye, aliambiwa abaki nje ya lango. Usiku kucha mke wangu alikuwa katika chumba cha kujifungulia bila mtu wake. Wauguzi walikuwa wawili na wazazi walikuwa wengi. Hapakuwa na wa kumweleza yaliyokuwa yakitendeka mwilini mwake, wala wa kumshika mkono. Alipotaka kupiga magoti aliamriwa alale chali. Mtoto alizaliwa mzima, nasi tukamshukuru Mungu. Lakini mke wangu aliporudi nyumbani hakusimulia neno lolote juu ya usiku ule, wala mimi sikumwuliza.

Baada ya miaka mitatu alipata mimba ya pili. Wakati huo alikuwa akikaa na mama huko Kakuma, nami nikienda kuwaona kila mwisho wa mwezi. Siku moja aliniambia, "Safari hii nitazaa hapa kwa mama. Kule sirudi."

Nilikasirika. Nilimweleza hatari za kuzaa nyumbani, kutokwa na damu na kifafa cha mimba, kwa sauti ya mtu asomaye waraka wa serikali. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hayo yote nayajua, baba. Wewe waogopa nisije nikafa. Mimi naogopa kufa peke yangu."

Sikuwa na la kujibu. Nilirudi Lodwar na maneno yale yakakataa kutoka kichwani.

Muda si muda mhamasishaji wa afya wa kijiji alipita bomani. Akamwambia mke wangu kwamba katika zahanati ya karibu yako mafunzo ya wajawazito kila juma, na waume pia wanatakiwa. Niliomba ruhusa kazini nikaenda. Tuliketi chini ya mgunga, wanawake kama ishirini, wengine Waturkana wenzetu, wengine wakimbizi kutoka Sudan Kusini, Somalia na Kongo. Wanaume tulikuwa watatu tu. Muuguzi akanielekea mimi: "Baba, mimba ya mkeo ina miezi mingapi?"

Nikajibu, "Sita."

Wanawake wakaangua kicheko, kwa kuwa ilikuwa imetimiza minane. Mimi nijuaye tarehe ya kila barua sikujua tarehe ya mwanangu.

Muuguzi yule hakunicheka. Alitufundisha dalili za hatari ambazo mtu akiziona asingoje hata asubuhi: damu kutoka, kichwa kuuma sana na macho kuona kiwi, degedege, homa kali, maji kupasuka kabla ya wakati, mtoto kuacha kucheza tumboni. Akatutaka kila nyumba iweke mpango wake mapema: fedha za akiba, gari litakaloitwa usiku, mtu aliye tayari kutoa damu, nguo za mtoto, na jina la mtu atakayeingia pamoja na mzazi. Akatukumbusha pia kujiandikisha katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024, tusije tukahangaika na makaratasi siku ya uchungu. Hili la mwisho lilikuwa la kikarani, nami nikalimaliza siku iyo hiyo.

Lakini lililonigusa zaidi ni lile la mtu wa kuingia na mzazi. Nilipotafuta kusoma juu yake, niliona kwamba huko Marekani na Ulaya wako wanawake ambao kazi yao ni kukaa na mzazi tangu uchungu uanzapo hata mtoto azaliwe. Huitwa dula, neno la asili ya Kiyunani lenye maana ya mtumishi wa kike, ambalo Dana Raphael wa Marekani alilitumia mwaka 1973 kwa mtu wa kumsaidia mzazi. Dula si mkunga. Hapimi wala hadungi sindano. Hushika mkono, husugua mgongo, hunywesha maji na kutia moyo. Mwaka 2017 wataalamu waliweka pamoja matokeo ya chunguzi 26 kutoka nchi 17, zenye wanawake zaidi ya 15,000, wakaona ya kuwa mama mwenye mtu wa kumtegemeza muda wote ana nafasi kubwa zaidi ya kuzaa bila kupasuliwa, na uchungu wake huelekea kuwa mfupi. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba kila mzazi awe na mwenzi amtakaye. Basi nikamkumbuka mama yangu aliyeachwa nje ya lango, naye alikuwa na elimu hiyo tangu zamani.

Boma letu liko ng'ambo ya laga ya Tarach, na mvua ikinyesha laga hujaa hapapitiki. Kwa hiyo, kama tulivyofundishwa, juma la mwisho mke wangu na mama walihamia kwa jamaa yetu aliye karibu na zahanati. Ilikuwa bahati, kwa kuwa usiku wa uchungu mvua ilinyesha kweli. Mama aliingia pamoja naye. Alimtembeza, akamsugua kiuno, akamwimbia. Mke wangu alipotaka kupiga magoti, mkunga alisema, "Haya, mama, kaa utakavyo."

Mtoto wa kike alizaliwa alfajiri. Kisha damu ikaanza kutoka kupita kiasi. Mkunga alidunga sindano mara moja, akakanda tumbo mpaka damu ikakoma. Mama alipotoka nje aliniambia, "Mwanangu, mgongo naujua mimi. Sindano ile siijui. Dada yangu alikufa kwa kukosa sindano ile."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ubishi wangu na mke wangu ulikuwa wa bure. Yeye alikuwa na haki, nami nilikuwa na haki, na kila mmoja alishika nusu. Hospitali bila mtu wa kukushika humfukuza mzazi. Na mkono wa mama bila mkunga haitoshi damu ikimwagika.

Mtoto tulimpa jina la mvua, kama ilivyo desturi yetu. Asubuhi ile mke wangu alinisimulia usiku wake wote, tangu mwanzo hata mwisho, akicheka. Halafu, bila kuulizwa, akanisimulia na ule wa kwanza.

Ndugu zangu wanaume, wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Kama mkeo ni mjamzito, mwulize leo mimba ina miezi mingapi, na ni nani angependa aingie naye. Usingoje kuulizwa mbele ya watu.