Wimbo wa Ukumbini na Wimbo wa Kanda

Huko Ulaya wapenzi wa muziki hungojea majira ya joto, kwani ndiyo majira ya maonyesho makubwa ya viwanjani. Sisi muziki wetu wa dansi ulikuwa na msimu wake pia, ila uliandamana na jembe. Mvua zilipokatika, barabara zikakauka, na wakulima wakawa wameuza pamba au tumbaku yao, bendi za Dar es Salaam na Morogoro zilifunga vyombo juu ya basi zikaelekea bara. Nimekulia Tabora. Mji ule ulikuwa na wanamuziki wake tangu zama za Kiko Kids, kisha Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, kwa hiyo bendi ngeni haikupokelewa kwa adabu tupu, ilipimwa. Katika usiku ule wa baridi ya kipupwe tulisikia nyimbo ambazo redio ilikuwa haijazitangaza, na tulizijua kwa moyo miezi mingi kabla hazijatangazwa.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Katika miaka ile wimbo ulikwenda kwa watu kwanza, ndipo ukarekodiwa. Leo aghalabu hurekodiwa kwanza, ndipo ukapelekwa kwa watu. Badiliko hili laonekana dogo, lakini naamini kuwa ndilo linalonifanya nitoke katika maduka ya muziki nikiwa na albamu mpya mkononi na huzuni moyoni.

Hebu tutazame jinsi wimbo wa dansi ulivyotengenezwa. Mtunzi alileta maneno na sauti yake mazoezini. Mpiga gita la solo akatafuta njia, mwenye gita la ridhimu akamjibu, wapuliza tarumbeta na saksafoni wakatafuta mahali pa kuingilia. Jumamosi wimbo ukapigwa ukumbini ungali mbichi. Wachezaji hawakuandika barua kutoa maoni, walikwenda kukaa. Ubeti uliorefushwa kupita kiasi ulijulikana kwa idadi ya watu waliorudi mezani, na sehemu ya chemko ikiwahi mno iliwakuta wachezaji wangali wametulia katika maneno, hawajawa tayari kuachiliwa. Jumatatu bendi ilirekebisha. Baada ya wiki kadhaa za mtihani huo, wimbo ulikuwa umekomaa kama shairi ambalo malenga amelighani barazani mara kumi kabla ya kulipeleka gazetini, akijua pale sikio la msikilizaji linapojikwaa.

Ndipo bendi ilipokwenda Redio Tanzania Dar es Salaam. Maneno yalipitiwa kwanza na wakaguzi, jambo lililowaudhi watunzi wengi, na baadhi yao walikuwa na haki ya kuudhika. Kisha wapiga vyombo wote walirekodi pamoja katika chumba kimoja, kwa vipaza sauti vichache. Aliyekosea aliwarudisha wenzake wote mwanzo. Hapakuwa na nafasi ya kwenda kuutafuta wimbo mle chumbani. Uliingia ukiwa tayari umepatikana.

Uvumilivu huo uliwezekana kwa sababu ya mshahara. Bendi nyingi zilikuwa mali ya vyama, majeshi, mashirika na viwanda. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya vijana wa chama, Urafiki ya kiwanda cha nguo, na BIMA Lee ya Shirika la Bima. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978 na kuupa mtindo wake jina la ngoma ya Kizaramo, Sikinde, ilichukuliwa na DDC mwaka 1983. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, na mazoezi yalikuwa kazi. Mwanamuziki aliyelipwa kila mwisho wa mwezi, japo kidogo, hakuwa na haraka ya kuumaliza wimbo.

Sipendi mwanafunzi asome haya akadhani kuwa nasifu pepo iliyopotea. Wimbo uliopigwa redioni mwaka mzima haukumnenepesha aliyeutunga. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979, alikuwa kipenzi cha taifa zima, na bado santuri zake zilichapwa Nairobi. Gita lililo mali ya shirika huondoka na shirika. Mashirika yalipodhoofika katika miaka ya 1980 na 1990, wapigaji hodari walibaki na vidole vyao tu.

Siku hizi bendi hulipia studio kwa mfuko wake. Saa ni fedha, kwa hiyo tarumbeta tatu hugeuzwa kuwa kinanda kimoja cha umeme, na mpiga dramu hubadilishwa kwa mashine isiyochoka wala kufurahi. Wimbo wa dakika nane hukatwa ukawa wa dakika nne, maana watangazaji hawataki mrefu. Kinachokatwa kwanza ni yale majibizano ya magita baada ya beti, yaani pale pale ambapo mchezaji alikuwa akivuta pumzi na kuyatafakari maneno aliyoyasikia.

Vijana wa ofisini hunambia kuwa wazee hupenda vya zamani, basi. Jibu langu ni wimbo mmoja. Bendi moja kongwe, ambayo sitaitaja, ilikuwa ikipiga wimbo mpya kila mwisho wa wiki, juu ya mama anayehesabu fedha za karo usiku ilhali watoto wamelala. Niliupenda sana. Katika ubeti wa mwisho waimbaji walinyamaza, besi peke yake ikatembea mizunguko minne, na ukumbi mzima ukasimama kumngoja yule mama amalize kuhesabu. Albamu ilipotoka niliinunua siku ya kwanza. Mizunguko ile minne haikuwamo. Mashine ilikuwa ikigonga toka mwanzo hadi mwisho, na mama alihesabu fedha zake kama karani wa benki. Watunzi walikuwa wale wale, na sauti zile zile. Sikuwa nikilinganisha jana na leo. Nilikuwa nikilinganisha Jumamosi na Jumatatu.

Nalo onyesho la hadhara limeanza kuambukizwa. Katika matamasha mengi ya wafanyabiashara msanii hupanda jukwaani na kuimba juu ya sauti yake iliyokwisha kurekodiwa. Kwa hiyo hata watu wasipocheza, wimbo hauwezi kupunguza mwendo kuwasubiri. Kwa upande huu nawashukuru wanaoandaa Sauti za Busara, tamasha la Zanzibar lililoanza mwaka 2004 na kufanyika mwezi Februari, ambao hushikilia kuwa kila anayepanda jukwaani apige muziki papo hapo. Mvulana anayemwona kwa mara ya kwanza mpiga besi akimtazama mpiga dramu usoni, wakakubaliana kwa nyusi tu kurudia mzunguko, hujifunza jambo ambalo kanda haiwezi kumfundisha.

Walimu wenye vikundi vya muziki shuleni waweza kujaribu njia ile ya zamani bila gharama: wimbo wa wanafunzi upigwe mbele ya wenzao mara tano au sita, urekebishwe, ndipo mwenye simu aruhusiwe kuurekodi.

Bendi ile kongwe ningali naifuata. Mwezi uliopita walileta wimbo mwingine, juu ya fundi baiskeli. Wiki ya kwanza ubeti wa pili ulikuwa mzito, nasi tukakaa. Wiki ya tatu walikuwa wameubadilisha neno moja na kuisogeza saksafoni nyuma kidogo, na meza zote zikabaki tupu. Haujarekodiwa bado.